Kanga ya Mpini

Mkaguzi wa umeme alipima kila kifaa kwenye karakana ya ushonaji, mwisho akaigusa pasi iliyomuua Hemedi. Kipimo kikalia. Akaikata plagi yake, isije ikachomekwa tena.

"Mpini umezungushiwa kitambaa," alisema. "Pasi hii ilikuwa inapiga shoti siku nyingi. Nani alikifunga?"

Mafundi wote wakainamia cherehani zao.

"Mimi, mkewe," Zubeda akasema. "Alilalamika inamtekenya vidole. Nikamkatia kipande cha kanga yangu, apige pasi kwa raha."

Mkaguzi alikifungua kile kitambaa taratibu, akamkabidhi. Bado kilikuwa kimejikunja, kimeingia alama za vidole. Zubeda akakishika palepale Hemedi alipozoea kushika, akakaza.