Maji ya Mchicha

Mwalimu alishika jani la mchicha likamvunjikia mkononi. Nyanya zilikuwa zimenywea, na karoti hata hazikuonekana zilipo. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kumuuguza mama yake, wiki tatu nzima, na begi lake lilikuwa bado mlangoni.

Kabla ya kuondoka alimkalisha mumewe chini akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Mchicha maji kila asubuhi. Nyanya kila siku ya tatu, lakini mengi, tena kwenye shina, si kwenye majani. Karoti kidogo kidogo, udongo usikauke. Mume, fundi umeme, aliitikia kila neno. Na kila alipopigiwa simu alisema, "Usiwe na wasiwasi, leo nimemwagilia." Juzi akaongeza kwamba biringanya zimeanza kutoa maua.

Biringanya! Mwalimu hajawahi kupanda biringanya maishani mwake. Mwongo mkubwa, na hata kudanganya kwenyewe hajui.

Akafunua pipa la maji ya bustani. Tupu. Sasa maji yameenda wapi? Akainama, akaona nyayo za ndala kubwa kwenye tope, zinatoka kwenye pipa, zinavuka mstari wa matofali unaotenganisha bustani yake na ya jirani. Upande wa pili mchicha ulifika magotini, nyanya zilikuwa zimeinamisha matawi. Na biringanya, ndiyo, zilikuwa na maua.

Damu ikamchemka. Jirani mwenyewe, mshonaji asiye na mume, alikuwa anaanua nguo.

"Bustani yako imependeza, jirani," Mwalimu akasema, meno ameyabana.

"Ni shemeji huyo. Kila alfajiri yuko hapa na ndoo. Nilimshukuru, akaniambia nisimshukuru, ni wajibu wake."

"Wajibu wake."

"Ndivyo alivyosema. Una bahati, dada yangu."

Mwalimu akampa mgongo. Wajibu! Miaka tisa ya ndoa mwanaume huyo hajakanyaga nyuma ya nyumba, mboga anazijua zikiwa sahanini, leo ndiyo amepata nguvu za kumbebea maji mwanamke mwingine. Tena maji yake yeye. Akalifuata begi mlangoni, akalileta uani, akalikalia. Uongo mmoja tu, basi anarudi kwa mama yake, na ndoa imeishia hapo.

Jioni fundi akaingia uani, akamwona, uso ukamchangamka.

"Umefika! Mbona hukuniambia nije kukupokea?"

"Nieleze habari za bustani," Mwalimu akasema.

Fundi akatua mfuko wake wa vifaa. Akapita katikati ya mchicha mkavu bila hata kuutazama, akavuka matofali, akachuma majani mawili mapana, akarudi nayo meno yote nje.

"Ona mboga zako zilivyostawi. Nimefuata kila ulichosema." Kisha akashusha sauti, akaelekeza kidevu kwenye matuta yaliyokauka. "Ila huyu jirani yako ni mvivu, jamani. Tangu uondoke hajazimwagilia zake hata siku moja."