Gauni Moja Zito

Sheria iliruhusu gauni moja tu zito la kujikinga kwa kila nyumba yenye wauguzi wawili, na mtoto wao ndiye aliyechagua nani alivae. Kwa Mghoi na mumewe Mwakio, wauguzi wa wodi ya homa, mchaguzi alikuwa binti yao mdogo, Wakesho.

“Leo tena mama,” alisema Wakesho. “Yeye anajua kunisuka.”

“Sawa, mwanangu,” Mwakio alijibu, akachukua lile jepesi, linalopitisha damu.

Mghoi alishusha pumzi, kisha akaona haya.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mwakio amemketisha binti katikati ya magoti, anajifunza kumsuka. Wakesho alikuwa akicheka. Mghoi alimpokonya mumewe kitana, akaanza kusuka mwenyewe.