Mgongo wa Daktari Mpasuaji

Daktari mpasuaji alivua shati katika chumba cha kubadilishia nguo, akamgeuzia mgongo Maren, mwanafunzi wa udaktari.

"Haya, fundi wa kukanda. Bega linaniua."

Mgongo ulikuwa umelowa jasho, umejaa vinyweleo na chunusi zilizoiva, unanuka kama soksi. Maren alikunja mikono ya shati lake. Wiki tatu nzima mtu huyu alikuwa akimkejeli mbele ya wenzake, eti chuo anachosoma Maren, kinachofundisha pia kutibu kwa mikono, hakitoi madaktari wa kweli. Na hospitali hii ya Ohio aliichagua mwenyewe kwa mwezi wake wa mafunzo ya ugenini, akaziacha mbili zilizomtaka, kwa sababu barua moja ya bwana huyu ya kumpendekeza ingemfungulia mlango wa upasuaji wa mifupa.

Akakanda. Chini ya mfupa wa bega vidole vikagota kwenye kitu kigumu, kikubwa kama yai. Alikibonyeza, hakikusogea.

"Mbona umeacha? Barua huitaki?"

Maren alijifuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Vaa shati, Dokta. Hapo panataka daktari wa kweli, tena leo hii."