Kiwanda Hakizai Ndama

"Wanaotaka kiwanda, nyosheni mikono," alisema mwenyekiti wa ushirika.

Wakulima wote wakamgeukia Athanas. Msimu mzima alikuwa amewapigia kelele, gulio hadi gulio: pamba yetu inapanda gari la moshi hapa Shinyanga, inavuka bahari, kisha inarudi imekuwa shati, nasi tunaligombania dukani kana kwamba si jasho letu! Malipo ya pili ya mwaka huu, ile nyongeza inayokuja pamba ikishauzwa, yasigawanywe. Yanunue mashine, tuchambue pamba wenyewe, kesho tusokote na kufuma, vijana wetu wapate ufundi badala ya kwenda Geita kuchimba dhahabu ya watu.

Siku zile walimshangilia. Leo, fedha zikiwa karibu kuingia mfukoni, kila mmoja alitazama chini.

Naye Athanas alikuwa na lake. Fungu lake la malipo hayo ndilo lingetimiza ng'ombe wa mahari, na baba wa binti aliyemchumbia, mzee aliyeogopwa na wote, alikuwa ameketi mbele kabisa, kidevu juu ya fimbo.

"Baba, nisubiri mwaka mmoja tu," Athanas alimwomba.

"Kiwanda hakizai ndama," mzee alijibu.

Athanas aliutazama mkono wake, uliochanwachanwa na maganda makavu ya pamba. Ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Hasira ikampanda, akaunyosha.

Mikono michache ikaanza kumfuata. Mzee akakohoa, mikono hiyo ikashuka.

"Basi," mzee alisema akisimama, "kakioe hicho kiwanda."

Athanas hakuushusha mkono wake.