Wageni wa Mgonjwa

Usijifanye hukuona. Ulipita mbele ya mlango ule, Makadara, Jumapili moja ya mwaka ule wa njaa, mwaka wa unga wa njano, na mlango ulikuwa wazi. Ulichungulia, ukaona mtu amejilaza kitandani na mwanamke anahangaika huku na huku, ukasema mambo ya nyumba za watu hayakuhusu. Ukaangalia upande wa pili.

Mwanamke yule ni Beldina. Alikuwa akirudi kutoka bombani kwa mara ya tatu, ndoo mkononi, anatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kila hatua kumi aliitua chini. Jirani yake, Warigia, alimkuta katikati ya kamba za kuanikia nguo.

"Lete hiyo ndoo, Mama Annah. Wewe ni kichwa ngumu ya aina gani?"

"Wageni wako ndani. Watasema nini wakikuona wewe ndiye unanibebea maji?"

"Waseme! Na hiyo nguo mbona imelowa ubavuni?"

"Ni maji ya ndoo."

Warigia akaitazama ndoo. Akamtazama usoni. Kisha akaenda zake kuanua nguo, na hilo pia liandikwe.

Beldina alikuwa na maneno ya muuguzi kichwani. Siku ya Ijumaa, mlangoni mwa wodi, muuguzi aliyasema yote kwa pumzi moja, maana ndani wagonjwa walikuwa wawili wawili kwa kitanda na wengine wanangoja kwenye benchi. Kidole tumbo kimeshatolewa. Mshono usilowe. Mgonjwa ale vitu laini, alale, asiinue kitu kizito. "Na homa ikipanda, msingoje kesho. Uchafu ukienea tumboni, hapa mtakuja kuchukua maiti." Beldina aliitikia kila kitu: ndiyo sista, ndiyo sista.

Homa ilipanda Jumamosi jioni. Sasa ilikuwa Jumapili, saa nane mchana.

Chumba kilikuwa kimoja. Patrobas, mumewe, alikuwa kitandani, blanketi limefika kifuani, buti zake za kiwandani ziko uvunguni na grisi mbichi. Kwenye viti vya kuazima walikaa baba yake mdogo, Mzee Wekulo, fundi wa viatu vya tairi kule Kariokor, na mkewe Phelister. Walikuwa wamekuja kuona mgonjwa, na kuku wao alikuwa amefungwa miguu mlangoni.

"Pole, Patrobas," alisema Mzee Wekulo. "Umepatikana, mwanangu."

"Ni kuvumilia tu, baba."

"Homa je?"

"Jana ilipanda. Usiku kucha sikupata hata lepe la usingizi."

"Na mshono?"

"Unatoa maji kidogo." Alijibu amefumba macho.

Phelister akacheka. "Nyinyi watu wa mjini! Tumbo likikoroma kidogo, kisu. Sisi tulikunywa mitishamba, jembe begani, tukaenda shamba."

Beldina aliinama kando ya kitanda. Alihema kwanza, ndipo akasema. "Baba Annah, homa imezidi. Sista alisema tusingoje. Twende sasa hivi."

"Na hawa?" Patrobas alinong'ona. "Wameleta kuku, niwafukuze na njaa? Kesho nitasemwa Kariokor nzima."

"Tangu asubuhi unasema utaona."

"Wakishakula."

Na kwao kuku aliyeletewa mgonjwa hapikwi na aliyemleta. Mgeni akigusa sufuria, ni kama ametangaza kwamba nyumba hiyo haina mwenyewe. Mzee Wekulo alimchinja nje, akanawa, akarudi kukaa. Mengine yote yalimngoja Beldina. Alimnyonyoa kuku amekaa chini, mgongo ukutani. Kusimama, alijivuta kwa mlango. Kisha ugali. Kusonga ugali wa watu wazima si kazi ya mkono peke yake, ni kazi ya tumbo, muulize yeyote aliyewahi kushika mwiko. Jasho lilimtoka mpaka likadondokea jikoni, na makaa yakalia chwi.

"Mwangalieni!" alisema Phelister, anamnyooshea kidole kwa fahari. "Huyu tulioa, hatukuokota!"

Wote wakacheka. Beldina pia alijaribu kucheka, akaacha njiani.

Firigisi ilikwenda kitandani kwenye kisahani chake, kama inavyotakiwa. Patrobas akaketi, akaila, akanywa na mchuzi, akajilaza tena. Wageni walikula taratibu, walikula vizuri, wakazungumzia bei ya unga na foleni za madukani. Saa kumi ikapita. Kila Beldina alipotazama mlango, Mzee Wekulo alianza hadithi nyingine.

Saa kumi na moja, Mzee akajifuta midomo. "Mama, chai haipo?"

Beldina alimtazama mumewe. Mumewe alitazama ukuta.

Akainama kuinua sufuria ya maji. Chumba kikamzunguka, meno yakaanza kugongana, na hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake.

Kwa hiyo inuka wewe. Usiniambie habari za desturi, usiniambie wageni bado wamekaa. Ingia ndani sasa hivi, umwondoe Patrobas kitandani. Tangu atoke zamu ya usiku amelala vya kutosha. Mlaze Beldina hapo, kisha ukimbie barabarani ukatafute gari, maana aliyepasuliwa Jumatano ni yeye.