Mwizi wa Primula

Enid Ogden alikinyanyua chungu cha ua kutoka mezani kabla waamuzi hawajakifikia, akakikumbatia. Ukumbi mzima wa kanisa ukageuka kumtazama. Katika chama chao cha wapanda maua ya primula, kugusa ua la mwenzio siku ya maonyesho ni kama kumpiga kofi.

"Hili ni langu, Arnold," alisema. "Mwizi mkubwa we!"

Arnold Clegg, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alivua kofia. Hakukana.

Angekanaje? Enid mwenyewe ndiye aliyeliotesha ua lile kwa mbegu zake: kijani ukingoni, duara la unga mweupe katikati. Hakuwahi kumpa mtu hata chipukizi. Alipokwenda hospitali kupasuliwa, alimwachia Arnold ufunguo wa banda la maua. Aliporudi, rafu zilikuwa tupu.

"Baridi imeyaua yote," mumewe, Stanley, alimwambia huku akimfunika blanketi. "Clegg aliacha mlango wazi. Pole, mke wangu."

Enid alilia, na Stanley akamnywesha supu kwa kijiko. Lakini jambo moja lilimkera. Tangu lini ua la milimani, linalolala chini ya theluji, likafa kwa baridi ya kwao Lancashire?

Leo alikuwa amepata jibu.

"Chai yote ile tuliyokunywa pamoja!" Enid alimkazia macho. "Ungeniomba tu, Arnold. Wewe ningekupa."

"Mtoeni nje huyo!" mtu alifoka kutoka nyuma.

Arnold alitupa jicho mlangoni. "Stanley hajaja?"

"Hakutaka hata mimi nije. Eti nitajichosha bure. Maskini, kumbe alijua nitakayoyakuta, akataka kunikinga."

"Nilibisha hodi kwenu mara mbili, Enid. Akaniambia umelala."

"Muongo! Angeniambia."

Arnold alisogea karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Vyungu vyako nilivikuta kwenye pipa la taka, vimevunjikavunjika. Ua lililopona ni hilo tu. Stanley alikuwa bado anatupa. Nikamwambia, 'Acha, bwana! Natoka hospitali sasa hivi. Enid hajambo, karibuni atarudi nyumbani.'"

Enid alikikaza chungu kifuani. "Akasemaje?"

"Akasema, 'Najua.' Akaingia bandani kuchukua vingine."