Kasuku Amelala

"Chatu amekula!" Mume alimpokea mkewe mlangoni kwa bashasha iliyopita kiasi. "Panya mzima! Nilimsugua kwa manyoya ya kasuku wako, mjinga akadanganyika."

Mke alikuwa muuguzi, na wagonjwa wanaotupa vidonge nyuma ya kitanda aliwajua. Hakuvua hata viatu. Wiki tatu chatu yule alikuwa amesusa panya, akitaka vifaranga tu. Leo tumbo lake lilikuwa limetuna kweli.

Akapiga magoti. Nyuma ya sanduku la kioo alimofugwa chatu kulikuwa na panya mfu, mzima mzima, unyoya wa kijani umemganda mgongoni.

"Kasuku wangu yuko wapi?"

"Amelala." Mume alisimama mbele ya kitundu cha ndege kilichofunikwa shuka.

"Saa saba mchana?"

Mke akapiga ule mluzi ambao kasuku hajawahi kuuacha bila kuujibu.